Swali la Mzee Kirigia

Katika kanisa lile la mabati nyuma ya soko la Isiolo, hakuna aliyemjua Mungu kama Kathure, Mama Gikunda. Angalau yeye mwenyewe aliamini hivyo, na hakuna aliyempinga, maana kumpinga Kathure ni kazi inayohitaji mapafu. Sauti yake ilikuwa imezoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara kuu, na akisimama kuomba hakuwa na haraka. Alianza na majina: Mwenye enzi, Mwamba wetu, Mlinzi wa wajane, Baba usiyesinzia, wewe uliyeusimamisha Mlima Kenya na hukuweka hata nguzo moja. Watoto walilala na kuamka kabla hajafika kwenye ombi lenyewe. Msiba ukitokea aliitwa yeye. Mgonjwa akizidiwa aliitwa yeye. Mchungaji Luke, kijana aliyetoka chuoni juzi, alikuwa akimsikiliza huku akijiuliza alichosomea ni nini.

Siku za kazi aliuza miraa. Mzigo ulifika kutoka Maua mchana jua likiwa kali, umefungwa kwa majani ya mgomba, naye akaupanga juu ya meza yake, akaunyunyizia maji na kuanza kugombana na wateja. Kando ya meza hiyo, tangu mwaka uliopita, alikaa msichana wa Kiturkana aliyeuza makaa. Jina lake Natabo, mwenyeji wa kijiji cha Ngaremara. Na ni kwa sababu ya Natabo kwamba Gikunda, mwana wa pekee wa Kathure na fundi wa pikipiki, alianza kununua makaa. Nyumba yao ilikuwa na watu wawili na jiko moja, lakini ilifika mahali makaa yakawa yamejaa mpaka chini ya kitanda. Kathure si mjinga. Alijua kijana hapiki.

Tuseme ukweli, mwanzoni hakufurahi. Natabo alikuwa ameugua homa kali akiwa mtoto mdogo, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Hakupelekwa shule yoyote. Alikuwa na lugha ya mikono aliyoitunga na mama yake huko nyumbani, na sasa nyingine aliyoitunga na Gikunda, basi. Kathure alilala akiwaza: mimi niliyeumbiwa kuongea, nitapiga soga na nani hapa nyumbani? Lakini ukikaa na mtu meza kwa meza, mkikingana jua kwa mwavuli mmoja, hasira inachoka yenyewe. Kufikia msimu wa mvua alikuwa akimsuka Natabo nywele wateja wakipungua, na kumwambia mambo mengi ambayo hayakusikika, na mazungumzo yaliendelea vizuri tu.

Shida ilikuwa ndoa. Baba yake Natabo alikubali posa kwa sharti moja: harusi ifanyike kanisani, aione kwa macho yake, kabla ya Krismasi. Krismasi ikipita angemrudisha binti yake Ngaremara, ambako kulikuwa na mwanamume mwenye mbuzi wengi na subira nyingi. Na kanisa nalo lilikuwa na sharti lake. Asiyebatizwa hafungishwi ndoa, na kabla ya kubatizwa lazima usimame mbele ya wazee ujibu swali. Ubatizo ulikuwa mara moja kwa mwaka, mwisho wa Novemba. Ukikosa, subiri mwaka mwingine.

Swali lenyewe lilikuwa moja, nalo lilikuwa mali ya Mzee Kirigia. Mzee huyu alikuwa karani wa serikali tangu enzi za wilaya, mtu wa koti na kalamu mfukoni hata jua likiwa la kuchoma nyoka, na sasa alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Aliuliza: Mungu ni nani? Wanaotaka kubatizwa walikariri jibu miezi mitatu na kulitoa kwa sauti moja, mikono nyuma. Mchungaji Luke alijaribu kupendekeza kwamba kwa hali ya Natabo swali liachwe. Mzee alimtazama juu ya miwani.

"Tukimbatiza mtu asiyejua anabatizwa kwa nani," alisema, "tutakuwa tumemwosha tu."

Kathure alikuwa kwenye kikao hicho, na maneno hayo yalimuuma kwa kuwa yalikuwa yake. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe ndiye aliyesema maneno karibu sawa na hayo, akimkataa kijana mmoja mlevi, na wazee walimpigia makofi. Gikunda aliomba basi aruhusiwe kumtafsiria mchumba wake. Akaambiwa bwana harusi hawezi kuwa shahidi kwenye shauri lake mwenyewe. Hapo Kathure akasimama na kusema atamfundisha msichana yeye, na siku ya swali atajibu kama wengine. Mzee Kirigia akamkumbusha kwa upole kwamba msichana hasikii.

"Na mimi nina mikono, Mzee," Kathure akasema, akaketi kwa kishindo.

Jioni hiyo alimfuata mwanawe gereji akamwambia amwonyeshe wanavyosema Mungu kwa ishara zao. Gikunda alifuta grisi vidoleni akaanza kuzihesabu. Walikuwa na ishara ya chai, ya mvua, ya pikipiki iliyoharibika na ya iliyopona, ya usinidanganye, ya mama yako amekasirika. Hiyo nyingine hawakuwa nayo.

"Mathe, hata mimi ukininyang'anya maneno sijui nitaanzia wapi," alisema.

Kathure akamjibu kwamba hiyo ni kwa sababu anakosa ibada za Jumatano.

Akaanza somo kesho yake, baada ya chai, kwa moyo mweupe kabisa. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwahi kuligundua katika miaka yote ya kuomba: kila alichokuwa nacho kuhusu Mungu kilikuwa jina. Kwao Igembe, upande wa Maua, anaitwa Murungu. Waturkana wanasema Akuj, Waborana wanasema Waaqa, na kanisani wana orodha ndefu kuliko foleni ya siku ya kadi za afya. Natabo hakuwa na hata moja. Kathure alisimama mbele yake katikati ya chumba, mdomo wazi, na majina yote yakawa hayafai kitu.

Akafanya ambalo angefanya mtu yeyote. Akanyoosha kidole juu.

Natabo akaangalia juu. Akaangalia vizuri, maana alikuwa binti mwenye adabu na mama mkwe mtarajiwa alikuwa amemwonyesha kitu. Kisha akatoka, akarudi na ufagio, akapanda juu ya stuli na kufagia utando wote wa buibui kwenye mabati, pembe hadi pembe. Aliposhuka alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na Kathure hakuwa na jinsi ila kumshukuru.

Siku iliyofuata akaona kosa lake. Ndani ya nyumba juu ni mabati. Lazima watoke nje. Wakasimama uani, akanyoosha kidole mbinguni, akafumba macho, akaunganisha mikono, akainamisha kichwa. Natabo akatazama, uso ukachangamka, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu kwamba ameelewa, akaunganisha mikono yake pia. Kathure karibu alie kwa furaha. Wiki nzima alitembea sokoni kama mtu aliyeshinda kura. Mpaka siku moja ndege ndogo ilipopita juu ikielekea uwanjani kutua, na Natabo akaacha kumpimia mteja makaa, akaunganisha mikono na kuiinamia kwa heshima.

Picha nazo hazikusaidia. Kwenye kalenda ya kanisa kulikuwa na mzee mweupe mwenye ndevu, ameketi juu ya mawingu. Natabo alimtambua mara moja. Akaigiza kuchimba, akaigiza bomba, akaigiza maji kuruka: ni yule mzungu aliyewachimbia kisima Ngaremara. Akaonyesha pia kwamba kisima kile kilikauka. Kathure aliitoa kalenda ukutani.

Mchana alimlalamikia Kulmiye, mwenye duka la vitambaa pale mkabala, Mwislamu na mteja wake wa kila siku ambaye kuchagua miraa kwake kulichukua muda kama kuchagua mke. Akamuuliza: wewe ungemwonyeshaje Mungu mtu asiyesikia? Kulmiye alicheka mpaka akaweka kifungu chini.

"Sisi hatumchori wala hatumwigizi, Mama Gikunda. Tulijua mapema tutaaibika," alisema. "Chochote kitakachokuja kichwani mwako, ujue si hicho."

"Hayo yatanisaidia nini mbele ya Kirigia?"

"Hayatakusaidia kitu," Kulmiye akakubali, akaomba aongezewe kifungu kimoja.

Kathure alimwona ni mtu asiye na msaada, akamwongezea kidogo sana.

Katikati ya hayo yote kulitokea jambo ambalo yeye hakulihesabu kuwa somo. Utingo mmoja wa lori la Merti, kijana mwenye mabega, alibeba gunia la makaa la Natabo akalitupa garini, akamwonyesha kwa mkono kwamba atalipa akirudi, na kwa macho yake kwamba harudi. Natabo alishika gunia. Akasukumwa, akaanguka. Kathure aliona. Sijui alisema nini, na waliokuwepo wanakataa kurudia, lakini dereva alizima injini, abiria waliokaa juu ya mizigo walishuka, na yule utingo alishusha gunia kwa mikono miwili kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Natabo hakusikia hata neno moja. Aliona tu mwanamke mfupi akifungua kinywa na wanaume wakirudi nyuma. Kathure akamwinua, akamfuta vumbi magotini kwa leso yake, akampa chai yenye sukari nyingi na kumshika kichwa mpaka akaacha kutetemeka.

Novemba ikaanza kuisha. Kathure alipoona hana njia nyingine, akaamua kuigiza. Kama Mungu haonyesheki kwa kidole, ataonyesheka kwa matendo yake. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine chumbani, Mungu akawa ni yeye.

Alipanda juu ya stuli, maana Mungu yuko juu. Akajifanya ameamka kabla ya watu wote na kuwatazama wakilala. Akagawa ugali kwa watu wasioonekana, huyu na huyu na huyu, bila kubakisha wa nyuma. Akakunja uso na kumtisha kwa kidole mtu aliyeiba, kisha mtu yule alipolia akamfungulia mikono. Akafuta machozi hewani. Akajionyesha akiona kila kitu, mbele na nyuma, hata kilicho chini ya kitanda, na chini ya kitanda kulikuwa na makaa. Alitoka jasho. Alicheza Mungu kama ambavyo hajawahi kuomba, na mwisho akashuka kwenye stuli akihema, akanyoosha mikono kumuuliza: umemjua?

Natabo alikuwa akilia. Alisimama, akaja akamkumbatia kwa nguvu, kichwa kifuani pake, na kukaa hapo.

Kathure aliondoka mbio kwenda kwa Mzee Kirigia na leso ikiwa imekaa upande. Alimwambia aandae maji ya ubatizo. Mtoto ameelewa, tena ameelewa mpaka machozi, kuliko hao wenu wanaokariri kama kasuku. Mzee alisema atafurahi kuona.

Jumapili ya swali, baada ya ibada, wanaotaka kubatizwa walipangwa mbele na kanisa lote likabaki, maana Kathure alikuwa ametangaza. Gikunda alikaa benchi la nyuma amevaa shati jipya. Baba yake Natabo alikuwa ameketi kando ya mlango, fimbo yake kati ya magoti, kofia yenye unyoya kichwani. Hakuwa Mkristo wala hakuwa mpinzani. Alikuja kuona kama hawa watu wa kanisa ni watu wa kutimiza neno.

Wale wengine walijibu kwa sauti moja. Mungu ni roho, hana mwanzo wala mwisho, na kadhalika, bila kupumua, na Mzee Kirigia aliinamisha kichwa kwa kila neno kama anayesaini. Ikafika zamu ya Natabo. Mchungaji Luke ndiye aliyepewa kazi ya kuuliza kwa mikono. Akaonyesha juu, akaunganisha mikono, akaionyesha Biblia, kisha akafungua viganja: nani?

Natabo akatabasamu. Aliangalia huku na huku, akamwona Kathure kwenye benchi la akina mama, akaenda moja kwa moja mpaka alipoketi, na kuweka mkono wake juu ya kichwa chake.

 Halafu kijana mmoja akacheka, akina mama wakaziba vinywa, na mtu wa kwaya akasema Yesu na Maria ingawa hilo si kanisa la kusema hivyo.  Mkono bado ulikuwa kichwani pa Kathure, mwepesi, na mwenye mkono alikuwa akiwatazama wazee kwa furaha ya mtu aliyejibu sawasawa.

"Mama Gikunda," Mzee Kirigia akasema polepole, "umemfundisha nini huyu mtoto?"

Uongo ulikuwa tayari. Ulikuja wenyewe, umenyooka, umevaa vizuri: anamaanisha ni mimi niliyemfundisha, Mzee. Maneno hayo tu. Mchungaji angeyapokea kwa mikono miwili, Kirigia asingekuwa na pa kushika, na jioni wangekuwa wanahesabu sufuria za harusi. Kathure alifungua kinywa ayaseme. Lakini alipoinua macho, Natabo alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama, na Kathure akaogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika maombi yake yote. Hakuweza kukaa chini ya mkono ule na kusema uongo.

"Amesema Mungu ni mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka walio nyuma wakauliza amesema nini. "Nilimwigizia. Sikuwa na kitu kingine cha kumwonyesha ila mimi. Kosa ni langu, si lake."

Mzee Kirigia alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana haikumpendeza, lakini alisema kwamba basi hakuna budi, msichana asubiri mwaka ujao. Nyuma Gikunda alisimama. Mlangoni ile fimbo ilihama kutoka goti moja hadi lingine, na baba yake Natabo akatazama nje, upande wa Ngaremara.

Hapo Kathure akapata sauti yake tena.

"Mwonyeshe wewe, basi," akamwambia Kirigia. "Umetuuliza hilo swali miaka yote. Huyu hapa, ana macho, anangoja. Mwonyeshe bila maneno."

 Mzee akavaa miwani, akasimama, akanyoosha koti. Alikuwa amejibu barua za wakuu wa wilaya watatu. Asingeshindwa na hili. Akaja mbele ya Natabo, akainua mkono juu kwa heshima. Natabo akaangalia juu, akaona utando wa buibui, akaanza kutafuta ufagio kwa macho. Mzee akaharakisha kushusha mkono. Akachora duara kubwa, kubwa sana, mpaka mikono ikaishia. Natabo akaonyesha kupika: sufuria? Mzee akatikisa kichwa, akatafakari, akaweka mkono kifuani penye moyo, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. Natabo akashtuka, akamshika kiwiko, akamketisha kwenye benchi na kukimbia kumletea maji.

Kanisa lilicheka mpaka mabati yakatetemeka. Hata Mzee, baada ya kukaa na glasi ile mkononi asijue aifanyie nini, alikunywa.

Natabo peke yake hakucheka. Alikuwa ameuona uso wa Kathure. Alirudi mbele yake, akamgusa kifua kwa kidole, akaonyesha juu kama walivyoonyesha wao, na kuinua nyusi: si wewe?

Kathure akatikisa kichwa. Si mimi. Machozi yalikuwa yakimshuka, na hakuyafuta.

Natabo akafikiri. Akatandaza mikono kama mabawa: ile ndege? Kathure akakataa. Akaonyesha ndevu na bomba la kisima. Kathure akakataa. Akamwonyesha Mchungaji Luke, ambaye alikataa mwenyewe kwa mikono yote miwili. Akamwonyesha Mzee Kirigia na glasi yake. Safari hii kanisa zima lilitikisa kichwa, na Mzee naye akatikisa.

Akaanza kuzunguka. Akagusa msalaba wa mbao, akawatazama: hapana, si huo wenyewe. Akagusa Biblia: hapana. Akaenda dirishani akaonyesha jua: hapana. Mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umetoka kwenye mawingu: hapana. Akamwonyesha baba yake mlangoni, na yule mzee wa Kiturkana, ambaye alikuwa amefuata kila kitu, alitikisa kichwa chake chenye unyoya polepole kama wengine. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kila alichoonyesha walikikataa pamoja, na kila walipokataa walizidi kunyamaza. Mwishowe Natabo alikuwa amesimama katikati ya kanisa, mkono umenyooka, na hakikubaki kitu cha kuonyesha. Hakuushusha. Kidole kikakunjuka, kiganja kikabaki wazi hewani, hakielekei popote, na uso wake ukawa wa mtu aliyefungua mlango akidhani ni wa chumba kidogo, akakuta nje peupe.

 Mchungaji Luke alikuwa amepiga magoti bila kujijua.

"Hata mimi ni hapo nimefika," Mzee Kirigia akasema.  "Na nimebatizwa kabla huyu mtoto hajazaliwa." Akaweka glasi chini. "Abatizwe. Na tarehe ya harusi isibadilishwe."

Gikunda alikuwa amefika mbele kwa kuruka mabenchi. Akamweleza Natabo kwa ishara zao za haraka, maji, pete, Desemba, na Natabo akamwangalia, akacheka, akaangalia tena kile kiganja chake kama hakuwa na hakika nacho bado. Mlangoni baba yake aliinuka, akasema kitu kimoja kwa Kiturkana ambacho waliomwelewa walikiitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kutafuta kivuli.

Kathure hakuinuka. Alikuwa amelegea, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kuomba hakuwa na jina hata moja mdomoni. Aliona haya na aliona amani, vyote kwa pamoja, na hakujua ashike kipi.

Natabo akamjia. Alichuchumaa mbele yake, akamgusa kifua kwa kile kidole, akatikisa kichwa kwamba hilo sasa analijua, si yeye. Lakini hakuondoka. Akamgusa tena, akafungua viganja vyote viwili, macho ameyakaza kabisa: basi wewe, wewe ni nani?

Kathure hakufikiri. Alikunja mikono kifuani kama anayebeba mtoto mchanga, akaipembeza mara moja, kisha akamnyooshea kidole yeye.